Tofali chini ya lupango: uzio wa miti juu ya kable na tiyo

"Mimi na mume wangu tulinunua lupango (kiwanja) Bel-Air, hapa Lubumbashi. Pande tatu zina ukuta, ila upande wa avenyu, mita 18, uko wazi, na pesa za matofali hatuna. Nikaamua nipande uzio wa miti. Kijana wa kazi akaanza kuchimba mtaro. Kwenye kina cha mkono mpaka kiwiko akakuta tiyo (bomba) nyeusi ya plastiki inakatiza. Akasogea mbele, akakuta tofali zimepangwa mstari, chini yake mchanga mweupe. Nikamwambia asimame kwanza. Mzee jirani anasema hapo ilipita kable ya umeme ya zamani, imekufa, tuchimbe tu. Shemeji anasema nipande fikusi maana inakua haraka. Jirani mwingine anasema mti wowote utapasua tiyo na mimi ndiye nitalipa. Fundi anasema nimwage zege juu ya tiyo na tofali, halafu nipande pembeni bila wasiwasi. Kwenye kona ya upande huohuo kuna fosi septiki, shimo la maji ya choo. Nimsikilize nani? Au niache miti, nikope pesa, nijenge ukuta?"

Mama, kumsimamisha yule kijana lilikuwa jambo la busara kuliko yote utakayofanya kwenye kazi hii. Kabla sijasema lolote juu ya miti, naomba ukamwambie tena leo: asirudi mle na baramini, ule mtaimbo wa chuma, hata kama umeshamlipa siku zake. Funika mtaro kwa mbao au bati watoto wasiingie, na tofali zile isiondolewe hata moja.

Wasiwasi wako una pande mbili, na wanaokushauri wanazichanganya. Upande mmoja ni wa leo: chuma cha kuchimbia kitagusa nini. Upande mwingine ni wa miaka kumi ijayo: mizizi itafanya nini. Jirani yako anaogopa mizizi. Mimi naogopa zaidi baramini, kwa sababu mzizi ukikosea njia unakupa miaka ya kuurekebisha, na baramini ikikosea haikupi hata sekunde.

Nianze na zile tofali, maana ndizo zilizonifanya nijibu haraka. Desturi ya zamani ya kulaza kable ya umeme ardhini ilikuwa hivi: mtaro unachimbwa, unatandikwa mchanga safi usio na mawe, kable inalazwa juu yake, inafunikwa kwa mchanga mwingine, kisha juu kabisa zinapangwa tofali au vigae vya saruji. Tofali hizo hazishikiki kwa saruji. Kazi yake ni kumwonya mchimbaji: jembe ligonge tofali kabla halijafika kwenye kable. Siku hizi badala ya tofali wanatandaza utepe wa plastiki, na kwa rangi za Kifaransa ambazo mafundi wetu wengi wamefundishwa, mwekundu ni umeme, wa buluu ni maji ya kunywa, wa kijani ni simu na intaneti. Lupango lako halina utepe, lina tofali. Na wewe unaujua udongo wetu: mwekundu, mzito, wakati wa kiangazi mgumu kama sahani. Mchanga mweupe haujileti wenyewe katikati ya udongo huo. Kuna mtu aliuleta kwa gari akautandika. Ingekuwa ni msingi wa nyumba ya zamani ungeona saruji kati ya tofali na tofali. Kwa hiyo mpaka mtu mwenye kifaa athibitishe vingine, hiyo ni kable, na ina umeme.

Mzee jirani anasema imekufa. Mheshimu mzee, mwekee kiti, muulize mengi, kwa sababu hakuna ramani inayomshinda mtu aliyeishi kwenye avenyu moja miaka arobaini. Atakuonyesha kable ilitokea kabine gani (kile kijumba cha transfoma), ilivuka wapi, na nani alikuwa akichimba pale siku zile. Hilo analijua. Kama ina umeme au haina, hilo hawezi kulijua, wala mimi siwezi, wala yeyote anayeiangalia kwa macho. Hapa kwetu tatizo ni kubwa kuliko mahali umeme hausiti, kwa sababu ya delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu. Fundi anachimba saa nne asubuhi, kitongoji kizima hakina umeme, anaona kable, anaigusa, haimfanyi kitu, anatangaza: imekufa. Saa nane umeme unarudi. Tena kable ya chini yaweza kuwa inalishwa kutoka upande wa pili, kutoka kabine ambayo hata si ya kitongoji chenu, nyumba yako ikawa gizani na kable iliyo chini yako ikawa hai. Zile zinazoingia majumbani hubeba volti 220 au 380, na hizo zinatosha kuua. Zile zinazounganisha kabine na kabine hubeba maelfu ya volti, na hapo chuma hakihitaji hata kutoboa vizuri: mwako unaoruka unachoma uso na mikono kabla mtu hajajua kilichotokea.

Nalisema kwa urefu kwa sababu kuna jambo jingine la mji huu wa shaba. Habari ya "kable iliyokufa" ikizagaa kwenye avenyu, atakuja kijana mwenye maneno mazuri kukwambia atakusaidia kuivuta bure. Anataka shaba iliyo ndani. Mkatalie mlangoni. Usimpe hata nafasi ya kuangalia.

Ikitokea chuma kimegusa kable, sasa au siku nyingine, aliye mtaroni asikimbie kwa hatua ndefu. Ardhi yenyewe inakuwa na umeme, na miguu ikiwa mbali mmoja na mwingine umeme unapanda mguu huu na kushuka ule. Aondoke kwa hatua ndogo sana, visigino vikigusana, mpaka awe mbali kama mita kumi. Wengine wasimsogelee kumvuta kwa mikono. Wasimwage maji. Wapige simu umeme uzimwe kwanza, na hata ukizimwa asirudi mtu mle kabla ya wenye kazi yao kufika.

Sasa mizizi.

Watu wanausimulia mzizi kama nyoka: unanusa maji kutoka mbali, unakuja, unaibana tiyo mpaka inapasuka. Haiko hivyo. Mzizi hauna pua. Ncha yake inakua pale inapopata vitu vitatu pamoja: unyevu, hewa na udongo laini wa kupenya. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mizizi ya mti iko kwenye sentimita 60 za juu, haiko chini kabisa kama tunavyochora shuleni, na inaenda pembeni kuliko matawi yanavyoenda. Tiyo nzima iliyofungwa vizuri haitoi unyevu wa maana, kwa hiyo mzizi unaipita kama unavyopita jiwe. Lakini tiyo yenye ungio linalodondosha inalowesha udongo unaoizunguka usiku na mchana. Ncha ya mzizi ikifika pale kwa bahati, inapenda, inazaa vijizizi mia. Kimoja kinaingia kwenye ufa mwembamba kama uzi. Kisha kinanenepa. Kwa maneno mengine, mzizi unaikuta kasoro, na baada ya kuikuta unaizidisha. Ukitaka kujua kama mti utaharibu tiyo, kagua tiyo kwanza.

Kuna la pili. Mtaro uliochimbwa na kufukiwa haurudi kuwa mgumu kama udongo uliolala karne nyingi. Unabaki laini, una hewa, unapokea maji ya mvua. Kwa udongo wetu mgumu, mtaro wa tiyo ni njia ya lami kwa mizizi. Ukipanda juu yake, mizizi itaufuata kwa urefu wake wote, hata kama tiyo haivuji tone. Mzizi ukinenepa chini ya tiyo iliyo karibu na uso wa ardhi unaweza kuinyanyua na kulegeza maungio yake. Pita kwenye avenyu za mjini zenye jakaranda za zamani mwezi Septemba au Oktoba, na badala ya kutazama maua tazama chini, penye ukingo wa njia. Saruji iliyoinuka na kupasuka utaiona mwenyewe.

Na si tiyo zote ni sawa. Inayoteseka zaidi na mizizi ni tiyo ya maji machafu, ile ya saruji au udongo wa kuchoma yenye maungio kila mita moja. Ndani yake kuna maji nusu, hewa nusu, na chakula tele, na hakuna nguvu inayousukuma mzizi nje. Tiyo ya maji safi ina nguvu ya maji ndani, na mzizi hauingii kwa urahisi penye maji yanayosukuma. Yako ni nyeusi ya plastiki. Ifute udongo kwa kitambaa uone kama ina mistari ya buluu. Ikiwa nayo, ni ya maji ya kunywa. Plastiki hiyo inakuja imeviringishwa kwenye roli, inaweza kwenda makumi ya mita bila ungio hata moja. Tiyo ya aina hiyo iliyo nzima na mizizi ya vichaka vinaishi pamoja bila ugomvi. Ugomvi unaanzia kwenye rakori, pale ilipounganishwa.

Hapa niongeze jambo ambalo hukuniuliza, na kwa afya ya nyumba yako ni zito kuliko uzio. Maji yetu yanakuja na kuondoka. Yakija, tiyo yenye ufa inatoa maji nje. Yakikatika, tiyo inabaki tupu na inavuta, kama mtu anyonyaye mrija, na kinachovutwa ni maji yaliyo kwenye udongo unaoizunguka. Wewe una fosi septiki kwenye kona ya upande huohuo. Kwa hiyo kabla ya kujiuliza kama mti utaigusa tiyo, jiulize tiyo inapita umbali gani na fosi, na kama kuna rakori karibu nayo. Homa ya matumbo na kipindupindu havihitaji mzizi, vinatosheka na ufa. Kuukagua ni rahisi: siku maji yapo, funga mabomba yote usiku, soma kompteri (mita ya maji), soma tena alfajiri kabla mtu hajafungua kitu. Namba ikisogea, kuna mahali panavuja. Kama tiyo si yako, mwombe mwenyewe afanye hivyo kwake. Na nadhani huenda si yako, maana tiyo inayokatiza lupango kutokea avenyu mara nyingi inaenda kwa jirani wa nyuma aliyevutiwa maji zamani, kabla ukuta haujajengwa. Muulize kwa upole. Mnaweza kukuta mnahitajiana.

Fikusi ya shemeji, hapana. Ni kweli inakua haraka, na hilo ndilo kosa lake. Ni mti wa msituni tunaoulazimisha kuwa kichaka. Ukiukata kila mwezi unakutii, na hata mizizi yake inapungua kasi kwa sababu majani ndiyo yanayoilisha. Lakini siku mtu wa bustani akiondoka, au wewe ukasafiri mwaka mmoja, fikusi inakumbuka kwao. Uzio wa fikusi ulioachwa miaka mitatu bila makasi ni mstari wa miti, na mizizi yake imeshafika kwenye fosi, kwenye baraza na kwa jirani. Mkaratusi ni hivyohivyo, kwa unywaji maji ni mbaya zaidi. Sipresi nayo inapendeza ikiwa changa, kisha inakauka chini na kuacha matundu ya mbwa kupita, huku juu inaendelea kuwa mti. Lusina inashusha mzizi mkuu chini sana na kumwaga mbegu kila mahali. Mianzi usiisogeze kabisa penye tiyo, kwa kuwa kichaka chake chini ni kama mkeka wa mbao.

Mnyaa watu wanaupenda kwa sababu haufi hata ukiutupa. Mizizi yake si ya kutisha. Kinachonifanya niukatae ni utomvu wake: ukiruka jichoni wakati wa kukata unaweza kumfanya mtu asione kwa siku kadhaa, au zaidi. Penye watoto siupandi.

Mimi ningekushauri duranta au bugenvilea. Hibiskasi pia ni nzuri, ila inataka maji zaidi ya hizo mbili na wezi wanaipita kwa kuinama tu. Duranta inapandwa kila sentimita 40, kwa mwaka mmoja na nusu inafunga vizuri, na mizizi yake ni mingi lakini myembamba. Kasoro yake: yale matunda madogo ya njano ni sumu, na mtoto wa miaka mitatu anayaona kama peremende. Ukiikata mara kwa mara haipati muda wa kuzaa, hivyo makasi yanakulinda mara mbili. Bugenvilea ina miiba, haihitaji maji mengi kiangazi ikishashika, na hakuna mwizi anayejirusha juu yake mara ya pili. Ila ni mvivu wa kufunga chini, inataka kushikizwa kwenye waya. Uzuri wake kwako ni kwamba unaweza kupanda michache tu, mahali unapopachagua wewe, na matawi yakatambaa kwenye waya juu ya sehemu ambayo hutaki kuchimba.

Fundi wako wa zege ana nia njema, lakini hapo amekosa. Udongo wa mfinyanzi hujaa mvua ukavimba, hukauka kiangazi ukanywea. Tiyo ya plastiki hucheza nao. Ukiikamata kwa zege mahali pamoja, inacheza pande zote isipokuwa hapo, na inakuja kukatika pale pale zege linapoishia. Kisha maji yanavuja chini ya zege na wewe huoni kitu isipokuwa bili. Kwa kable ni vibaya vilevile, maana zege linazuia mvua kuulowesha udongo ulio chini yake. Kable inayobeba umeme inapata joto, na udongo wenye unyevu ndio unaoliondoa joto hilo. Hii nayo ni sababu ya kutopanda mimea minywaji juu yake, maana mizizi ikiukausha udongo, kable inabaki na joto lake. Na siku wenye kable wakiitaka, watalivunja zege lako kwa nyundo, na hawatakurudishia.

Ukuta basi? Watu wanadhani ukuta ni salama kwa sababu hauna mizizi. Lakini ukuta una msingi, na msingi ni mtaro wa mita 18 zote, wenye kina cha sentimita 60 au zaidi, mbele kwa mbele, bila kuchagua pa kuruka. Utapita juu ya kable au kando yake kabisa, na uzito wa ukuta utaikalia tiyo. Uzio wa miti unaweza kuruka mita mbili na bado ukawa uzio. Kwa hiyo usikope pesa kwa sababu ya woga wa mizizi. Ukitaka ukuta kwa sababu ya wezi, hiyo ni hoja nyingine na siibishii, ila nayo itaanza na kazi ileile: kujua kable inapita wapi.

Hili sasa ndilo linaloamua mpango wako, na kwenye barua hukulisema: zile tofali zinakatiza mtaro wako, au zinaenda nao? Simama kwenye ukingo uangalie, usishuke. Kama zinakatiza, umepona. Unaacha wazi mita moja na nusu upande huu wa mstari wa tofali na mita moja na nusu upande ule, na kwa tiyo mita moja na moja. Sehemu nyingine zote unapanda. Penye uwazi wa tiyo unaweza kuweka geti la watu wa miguu, nguzo zikisimama nje ya ile mita moja. Geti la gari hapana, kwa kina hicho kidogo magurudumu yanaweza kuiponda. Penye uwazi wa kable, nyasi tu, au mafungu ya mchaichai yanayong'oka kwa mkono, au maua kwenye vyungu, na waya wa bugenvilea unaopita juu kutoka pande zote mbili.

Kama tofali zinaenda na mtaro kwa urefu, na mimi nahofia ndivyo ilivyo kwa sababu kable nyingi hufuata avenyu, basi mtaro wenyewe uko mahali pasipofaa. Ufukie kwa udongo uleule, tofali zikiwa kama zilivyo, na usogeze uzio ndani mita moja na nusu. Utapoteza mita 18 mara moja na nusu, yaani mita za mraba 27. Najua inauma, ni nafasi ya chumba kikubwa. Usiihesabu kama imepotea yote: hapo mtapanda mboga za mizizi mifupi, kama lengalenga (mchicha), kwa jembe la mkono la juujuu, kama wenye kable watakubali. Na siku wakija kutengeneza, watachimba pale bila kuugusa uzio wako.

Kuna wanaopendekeza kuzika karatasi nene ya plastiki wima, kina cha sentimita 60, kati ya uzio na tiyo, ili mizizi igonge na kurudi. Inasaidia kidogo. Mzizi ukigonga unashuka, ukifika mwisho wa plastiki unapita chini na kupanda tena upande wa pili baada ya miaka. Tena kuizika kunataka mtaro mwingine karibu na tiyo, kazi ileile tunayoikimbia. Kwa duranta iliyo umbali wa mita moja sioni haja. Kwa fosi septiki ningesisitiza umbali peke yake: kichaka cha kwanza kiwe mita tatu kutoka kwenye ukuta wa fosi na kutoka kwenye shimo linalonywa maji yake, na tiyo inayotoka nyumbani kwenda fosi nayo ipate mita zake mbili. Huko ndiko mizizi inakopenda kweli, kwa zile sababu nilizotaja za hewa, maji na chakula.

Kuna kazi ambayo huwezi kuifanya wewe, kijana wako wala mimi kwa kuandika. Chora lupango lako kwenye karatasi: nyumba, avenyu, kompteri, fosi, mahali tiyo ilipoonekana, mahali tofali zilipo, nguzo au kabine iliyo karibu. Pima kwa futi kamba kutoka kwenye kona ya ukuta, usikadirie kwa hatua. Nenda na mchoro huo na picha za simu kwenye ofisi ya SNEL, shirika la umeme, inayohudumia kitongoji chenu, uombe waje kuangalia kable, na uombe wakuandikie walichokuta. Neno la mdomoni la wakala aliyepita na pikipiki lisikutoshe. Fanya vilevile na Regideso, shirika la maji, kwa tiyo. Inaweza kuchukua safari tatu au nne. Nenda hizo nne. Wakija na kifaa cha kutafutia, ujue kwamba kifaa hicho kinasikia chuma na umeme, hakisikii plastiki, kwa hiyo wakisema hakuna kitu usielewe kwamba hakuna tiyo. Tiyo ya plastiki inatafutwa kwa vishimo vya majaribio: kwa mkono, kwa beleshi, vikikatiza njia inayodhaniwa, udongo ukichotwa polepole kama mtu anayechimba viazi bila kuvikata. Sururu na baramini zinabaki nyumbani. Karibu na tofali hata vishimo hivyo visichimbwe mpaka wenye kable wafike.

Niliwahi kulivunja sharti hilo mwenyewe, nikiwa kijana, kwenye bustani ya shule moja. Tulikuwa na haraka kwa sababu mvua ilikuwa imeanza, udongo wa chini ulikuwa bado mgumu, nikaitisha baramini. Pigo la tatu maji yakaruka kuliko kimo changu. Avenyu nzima ilikaa siku nne bila maji, na akina mama waliokuwa wakipita na bidoni kichwani walikuwa wakinisalimia kwa jina. Yangekuwa maji machafu, au kable, nisingekuwa hapa nikikujibu.

Usisubiri miadi, mwite mtu wa umeme siku hiyohiyo, ukiona mojawapo ya haya: udongo wa mtaroni unatoa joto au harufu ya kuungua, mtu anasikia kutekenywa miguuni akisimama karibu, au mvua imeosha mchanga na kable yenyewe imeonekana. Kwa maji, ukanda wa majani mabichi katikati ya kiangazi, pale ambapo hakuna anayemwagilia, ni uvujaji mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Mkishajua kila kitu kiko wapi, andikeni kwa rangi kwenye ukuta wa pembeni, kimo cha macho: kable iko mita ngapi kutoka hapa, tiyo mita ngapi. Kijana wa kazi wa mwaka 2040 hatakuwa na barua hii.

Miche usiinunue sasa. Subiri mvua izoee, mwisho wa Novemba au mwanzo wa Desemba, udongo ulowe mpaka chini. Kwa mita 18 kamili zingekuwa duranta 45; ukitoa nafasi za tiyo na fosi zitapungua, kwa hiyo nunua baada ya kupima. Chagua iliyo kwenye mifuko meusi, shina nene kama penseli, fupi. Ile mirefu inayovutia macho sokoni mara nyingi mizizi yake imejiviringisha mfukoni. Badala ya mtaro chimba mashimo, kila mche shimo lake, na beleshi. Kiangazi cha kwanza mpe kila mche maji nusu ndoo mara mbili kwa wiki, na umwagie upande ulio mbali na tiyo, ili mizizi ijifunze kwenda huko.